Mwenge Umelala

Makamu wa mkuu wa shule aliitandaza sweta juu ya meza, akainyoosha kwa viganja viwili, kisha akarudi nyuma kidogo kama mtu anayetazama picha ukutani.

"Nisaidie, mama," alisema. "Hiki ni nini?"

Mama Doti aliinama kuangalia. Ngao ya bluu ilikuwa mahali pake, upande wa moyo, imeshonwa vizuri. Lakini ndani ya ngao, mwenge wa rangi ya chungwa uliopaswa kusimama ulikuwa umelala ubavu, moto wake umeelekea kwapani. Maneno ya shule yalisomeka, ila yalikuwa yamehama. Neno la mwisho lilikuwa limetoka nje ya ngao kabisa.

"Ni mwenge," alisema.

"Umefanya nini?"

"Umelala."

"Umelala," makamu alirudia kwa sauti, na mhasibu aliyekuwa meza ya pembeni akaficha kicheko ndani ya kikombe cha chai. Mlango ulikuwa wazi. Wazazi waliokaa kwenye benchi la nje, waliokuja kuuliza habari za ada, walikuwa wameacha kuzungumza.

"Niletee nyingine," alisema Mama Doti.

"Nimefungua gunia zima. Zote ni hivi hivi. Watoto wa darasa la mtihani, walioanza mapema, nilikuwa nimeshawapa zao, nikazikusanya tena. Unajua wenzao wanawaitaje? Watu wa mwenge uliozimika." Akaikunja sweta na kumrushia, si kwa hasira. "Jumatatu tunafungua. Fumua, ushone upya. Jumatatu asubuhi zikiwa hapa, tutalipana. Zisipokuwa hapa, mwenye duka la pale njia panda ameshaleta sampuli yake."

"Ameileta lini?"

"Hilo halikuhusu, mama."

Mama Doti alizirudisha sweta moja moja ndani ya magunia mawili, makamu akimsubiri amalize ili apate meza yake. Hakuna aliyemsaidia kubeba. Mlinzi wa getini, aliyekuwa amemfungulia siku magunia yalipoingia, aliyaangalia yakitoka.

"Zimerudi?"

"Macho unayo," alisema Mama Doti, akaenda kutafuta mkokoteni.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa kiwanda: mashine ya kudarizi, cherehani mbili, rafu ya nyuzi. Cha nyuma kilikuwa cha kulala. Cha katikati kilikuwa na meza ya kulia chakula, na juu ya meza hiyo palikuwa na kompyuta, na mbele ya kompyuta alikuwapo mume wake.

Mtaani walimwita Bwana Bure. Jina hilo alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, na likashika. Mashine ya kudarizi waliinunua ikiwa imetumika, na programu yake ilikuwa ya zamani hata kompyuta yoyote ya sasa iliikataa. Bila programu, michoro isingeingia kwenye mashine. Basi mume alikaa chini, akafungua mafaili ya ile mashine, ambayo ndani yake hayana neno hata moja, ni namba tupu kutoka mwanzo hadi mwisho: nenda kulia kiasi hiki, panda juu kiasi hiki, badilisha rangi, endelea. Hakuna nafasi wala nukta kati ya namba na namba. Lazima anayesoma ajue mwenyewe wapi moja inaishia na nyingine inaanzia. Alizisoma, akazielewa, akaandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust kile ambacho watu wa kompyuta wanakiita maktaba: kipande kidogo cha programu ambacho mtu mwingine anaweza kukichukua akakitia ndani ya kazi yake. Mashine ikafanya kazi. Mpaka hapo mkewe hakuwa na neno.

Kisha akaiweka maktaba yake kwenye mtandao, wazi, yeyote aichukue, yeyote airekebishe, bila malipo.

Watu waliichukua. Kumbe mashine za namna ile zilikuwa nyingi duniani, na wenyewe walikuwa wamekwama kama wao. Wengine walishukuru. Wengine waliuliza kwa ukali kwa nini haisomi mafaili ya mashine mpya. Mmoja aliuliza kama mwenye kazi amekufa, kwa kuwa hakujibiwa kwa wiki nzima. Aliwajibu wote kwa adabu. Ajira yake ya zamani ilikuwa imekwisha, vibarua vya kompyuta vilikuja na kukatika, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ule nyumba ilikuwa inakula kutokana na nembo za shule.

Mama Doti aliyaweka magunia chini katikati ya chumba cha mbele, akachukua sweta moja, akaipeleka kwenye meza ya kulia chakula.

"Tazama."

Mumewe alitazama. Alitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mashine hiyo imechoka," alisema.

"Asubuhi ile kabla sijaondoka kwenda hospitali nilishona ya majaribio. Mwenge ulisimama."

"Ndiyo maana nasema imechoka. Inaanza vizuri, ikipata joto inapotea. Mwite fundi aifungue."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua, na yeye ndiye aliyekuwa anajua mambo ya mashine na namba. Mama Doti alikuwa ameshinda siku mbili hospitalini akimuuguza shangazi yake, na kazi yote ilishonwa na kufungwa yeye hayupo. Alikwenda kuchukua pesa ya gesi kutoka kwenye kopo, akampigia fundi.

Fundi wa mashine alifika Ijumaa asubuhi na begi lake la vyuma. Alifungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akazungusha gurudumu kwa mkono, akaipaka mafuta, akaifunga. Kisha akasimama akijifuta vidole kimoja kimoja.

"Mama, hii nzima."

"Nzima vipi? Umeiona ile sweta?"

"Nimeiona. Mashine iliyochoka inakata uzi, inaruka mshono, inavunja sindano. Hii kila mshono umekaa mahali pake, safi. Mwenge umelala lakini umelala kwa ustadi." Alicheka peke yake. "Mashine inashona inachoambiwa. Muulize aliyeiambia."

Alisema hivyo mlango wa kati ukiwa wazi. Kutoka chumba cha katikati hakukusikika kitu isipokuwa kitufe kikibonyezwa, kisha kingine.

Fundi akachukua pesa ya gesi, akaondoka.

Katika chumba cha mbele walibaki Mama Doti na mshonaji wake, mwanamke wa makamo aliyeitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza tangu wamjue. Alizungumza na wateja, na cherehani, na redio. Lakini tangu magunia yaliporudi alikuwa ameinamisha kichwa, na redio ilikuwa imezimwa.

"Wewe ndiye ulikuwa kwenye mashine," alisema Mama Doti.

"Ndiyo, mama."

"Sweta moja, sawa, mtu anaweza kupitiwa. Magunia mawili, Kimya? Hukuona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza? Wewe?"

Kimya alivuta uzi kutoka kwenye tundu la sindano, akaurudisha. "Nilimuuliza baba. Ya kwanza tu ilipotoka. Nikasema, baba, huu mwenge mbona umelala? Akaniambia usiguse, iko sawa, majaribio yote yamepita."

"Alikuja akaangalia?"

"Alikuwa anaandika."

"Nimekuuliza, aliangalia?"

"Hakuinua kichwa, mama. Na mimi nikasema labda shule imebadilisha nembo. Siku hizi wanabadilisha kila kitu. Mwaka jana walipokuwa na ile soksi ya mistari niliuliza, ukaniambia nishone nilichopewa. Nikashona nilichopewa."

Mama Doti alivuta sweta moja kutoka kwenye gunia. Alitoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akaugeuza upande wa ndani wa sweta juu, akaanza kukata nyuzi za chini, taratibu, ili asiguse kitambaa. Hivyo ndivyo tarizi inavyofumuliwa: unakata nyuma, kisha unageuza mbele na kung'oa uzi kama mtu anayetoa manyoya. Sweta ya kwanza ilimchukua muda wa kutosha kuivisha sufuria ya maharage. Akaliangalia gunia. Akaliangalia la pili. Akaweka wembe chini, akaingia chumba cha katikati.

Mumewe hakumsikia. Kwenye skrini palikuwa na ujumbe mfupi uliotoka kwa mtu aliyekuwa akidarizi kofia katika nchi ya mbali, na chini yake jibu refu ambalo mume alikuwa bado analiandika. Vyote viwili vilikuwa kwa Kiingereza. Mama Doti alikuwa na stashahada ya ukatibu muhtasi, na Kiingereza cha kuandikiana barua ndicho alichosomea.

Mtu wa kofia alikuwa ameandika: tangu toleo jipya, rangi ya pili inageuka ubavu na ya tatu inahama. Mashine yangu ni ya zamani. Nimeshabadilisha sindano na fremu. Je, kosa ni langu?

Mume alikuwa amejibu: hapana, kosa si lako, ni langu mimi. Akaeleza. Mtu fulani mwenye mashine mpya alileta rekebisho, na yeye akalikubali. Katika mafaili ya mashine mpya, baada ya namba inayosema badilisha rangi, kuna namba nyingine moja inayotaja ni rangi ipi. Katika ya zamani haipo. Maktaba sasa inaila namba moja isiyopaswa kuliwa, na kuanzia hapo inasoma kulia kama juu na juu kama kulia, mpaka rangi ibadilike tena. Alikuwa ameandika kwamba anasikitika sana. Kwamba anaelewa muda wa mtu ni kitu cha thamani. Kwamba anaomba radhi kwa kofia zilizoharibika, na kwa usumbufu, na kwa kumfanya ajitilie shaka.

Mama Doti alisoma mpaka mwisho.

"Umemwomba radhi huyu," alisema.

Mume aligeuka. Mkono wake ulinyooka kufunga kompyuta, kisha ukasita na kurudi mezani.

"Ndiyo."

"Unamjua?"

"Hapana."

"Mimi unanijua?"

Aliitazama skrini.

"Nimeuliza swali dogo, Baba Doti."

"Nilikuwa nataka kuwa na uhakika kwanza. Nisije nikasema kitu, kumbe—"

"Fundi amechukua pesa ya gesi. Uhakika ulianza lini?"

"Jana jioni nilianza kushuku."

"Jana jioni. Na leo asubuhi fundi amefungua mashine wewe umekaa hapa, unasikia."

"Nilitumaini ataona kitu."

Hilo ndilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema tangu magunia yaliporudi, na wote wawili walilijua. Mama Doti alivuta kiti akakaa, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma na kwa sababu alitaka kuelewa jambo moja kabla hajakasirika.

"Mbona ulimwambia Kimya majaribio yamepita?"

"Yalipita kweli. Kila mtu akileta rekebisho, kuna mafaili ya mfano, kompyuta inayasoma yote yenyewe. Yakisomeka sawa, inatoa alama ya kijani. Moja likikosea, nyekundu. Siku ile yote yalikuwa kijani. Na lugha yenyewe ni kali, Mama Doti, Rust haikubali uzembe, inakugombeza kabla programu haijaanza—"

"Inajua mwenge unasimamaje?"

"Hapana. Namba kwake ni namba."

"Na hayo mafaili ya mfano ni ya nani?"

"Ya watu. Wananitumia. Ya mashine mpya, ya zamani. Yenye rangi nyingi yote ni ya mashine mpya, hilo nimeliona leo. Ya zamani ni majina tu ya kwenye kofia, rangi moja."

"Yangu yako wapi?"

Alimtazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Ulikataa. Ulisema nembo za wateja zisitoke ndani ya nyumba hii."

Alisema kweli. Miaka miwili iliyopita, alipomwomba, mkewe alimkatalia, na alikuwa na haki, kwa kuwa nembo ya shule ni mali ya shule. Hivyo maktaba iliyozaliwa kwa ajili ya mashine ile ilikuwa imejaribiwa kwa kazi za watu wa pande zote za dunia, isipokuwa kwa kazi ya mashine ile.

"Na kuiponya inachukua muda gani?" aliuliza.

"Kurudisha toleo la zamani kwetu hapa, ni dakika mbili."

"Dakika mbili," alisema Mama Doti. Alisimama, akaenda chumba cha mbele, akarudi na wembe wa pili na gunia zima, akaviweka juu ya meza ya kulia chakula, kando ya kompyuta. "Tumia hizo dakika zako mbili. Ukimaliza, anza na hili."

Jumamosi walifumua watu wanne. Doti, binti yao, aliyekuwa darasa hilo hilo la mtihani, alikaa chini akivuta nyuzi za chungwa kwa koleo ya kung'olea nyusi. Sweta yake mwenyewe ilikuwa ya kwanza kufumuliwa. Hakuwa amesema kitu nyumbani kuhusu utani wa shuleni, na walipomuuliza alisema kwamba wanaotania hawana cha kufanya.

"Wamekuita nini?" baba yake aliuliza.

"Bwenini," alisema Doti. "Kwamba tumevaa bweni, kila kitu kimelala." Akafikiri kidogo. "Ni nzuri kidogo, hiyo."

Kimya alicheka, akajizuia, akacheka tena, na kuanzia hapo ulimi wake ulirudi mahali pake.

Baba Doti alikuwa mfumuaji mbaya. Alikata kitambaa katika sweta ya tatu na ya tano. Kila alipokata, alisimama, akampelekea mkewe, akamwonyesha tundu. Mkewe aliziweka pembeni. Zitanunuliwa nyingine. Alipofika ya kumi vidole vyake vilikuwa vimejifunza, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumuuma mahali ambapo mgongo wa mkewe ulikuwa ukiuma kwa miaka.

Shemeji alipita adhuhuri, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Alikuwa na duka la simu mjini, na kila alipoingia nyumba ile alisimama kwanza mlangoni akiangalia ndani, kama anakadiria bei.

"Dada, habari za hapa. Shemeji, umehamia idara ya nyembe?"

"Karibu, shemeji."

"Nimesikia habari. Huko mjini wanasema shule imevaa mwenge wa wagonjwa." Alikaa kwenye kochi juu ya sweta zilizokwisha kufumuliwa, Doti akamtoa, akakaa penye nafasi. "Hebu niambie kitu, shemeji, mimi sikusoma. Hiyo kazi yako ya mtandaoni watu wangapi wanaitumia?"

"Mia kadhaa. Siwezi kujua wote."

"Na wanakupa nini?"

"Wengine wanatoa nyota."

"Nyota."

"Ni alama. Kuonyesha wameipenda."

"Sasa huyo mwenye gesi ukimpelekea nyota anakujazia mtungi?" Aliwageukia wengine ili acheke nao, lakini walikuwa wanafumua. "Mimi sikutukani. Nina meza ya matengenezo pale dukani, haina mtu. Simu za watu zinalala siku tatu. Wewe una mikono. Kaa pale, mwisho wa mwezi unapokea kitu kinachoshikika."

"Amekusikia," alisema Mama Doti.

"Nataka anijibu yeye."

"Atakujibu Jumanne. Leo ana gunia. Na wewe kama umekuja kukaa, wembe upo. Kama hukuja kukaa, tuachie hewa."

Shemeji alibaki amekaa kwa muda wa heshima, akachukua sweta moja, akang'oa nyuzi tatu, akasema macho yake si mazuri, akaondoka. Nje walisikia gari likiwashwa.

"Kuhusu hiyo meza ya matengenezo—" mume alianza.

"Nimesema Jumanne."

Mashine ilianza kushona Jumamosi ile ile mchana, sweta zilizofumuliwa zikipigwa pasi ya mvuke ili matundu ya sindano yajifunge. Safari hii ya kwanza ilipotoka, Baba Doti aliinuka mwenyewe kutoka kwenye gunia lake, akaenda kuishika kwa mikono miwili chini ya dirisha. Mwenge ulikuwa umesimama. Hakusema iko sawa. Alimpa Kimya, Kimya akampa Mama Doti, na Mama Doti akaiangalia mbele na nyuma, akasema, "Endelea."

Jumatatu asubuhi magunia yalirudi shuleni, na safari hii mkokoteni uliongozana na watu wawili. Mama Doti hakumwomba mumewe aende. Alimkuta amevaa shati lake la usaili, akaelewa, akamwambia tu kwamba kola imekunjika.

Makamu alifungua gunia la kwanza, akatoa sweta kutoka juu, katikati na chini kabisa. Akafanya hivyo hivyo kwa la pili. Alipitisha kidole juu ya mwenge na kusikia ugumu kidogo wa kitambaa kilichoshonwa mara mbili.

"Imeacha alama," alisema.

"Itaisha ikifuliwa mara ya pili," alisema Mama Doti.

"Na mzee ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema Baba Doti. "Si mke wangu. Yeye hakuwapo. Ni programu yangu, niliibadilisha bila kuijaribu kwa nembo yenu. Na mshonaji aliponiuliza, sikuangalia."

Mhasibu aliinua kichwa. Wazazi wa benchi la nje walikuwa wengine, lakini walinyamaza vile vile.

"Kumbe wewe ndiye kompyuta," alisema makamu.

"Ndiyo mimi."

"Sisi hapa kila ikikosea tunasema ni mtandao. Sikujua mtandao unaweza kuvaa shati ukaja ofisini." Alitia saini ya kupokea, akamsogezea mhasibu karatasi. "Mtalipwa. Zile za darasa la mtihani, mlizochelewesha, mtakatwa. Na mwaka ujao, mama, tutaita watu watatu walete sampuli. Wewe ni mmojawapo. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

"Zamani nilikuwa peke yangu," alisema Mama Doti.

"Zamani mwenge ulikuwa unasimama."

Walipofika nje ya geti, mume alifungua mdomo, na mkewe akamwahi.

"Niombe radhi kama ulivyomwomba yule wa kofia."

Alisimama barabarani, mkokoteni mtupu ukiwapita. Maneno yalikuja moja moja. Kwa Kiingereza ilikuwa imeteremka yenyewe, aya nzima. Sasa alisema kwamba alimdanganya, kwamba alimwacha atoe pesa ya gesi huku akijua, kwamba aliona aibu kukosea katika kitu kimoja ambacho aliamini anakiweza. Hakutumia neno usumbufu.

"Nimesikia," alisema Mama Doti. "Sasa kuhusu kaka yangu. Utakwenda asubuhi mpaka saa saba. Mchana ni wako na watu wako."

"Nilidhani utaniambia niifunge."

"Nikuambie uifunge, mashine yangu itasomwa na nani?"

Jumanne alikwenda kwenye meza ya matengenezo. Shemeji alimtambulisha kwa wafanyakazi kama Bwana Bure, nao wakamwita hivyo. Alitengeneza simu.

Jioni hiyo mkewe alimletea kijiti cha kuhifadhia mafaili kilichokuwa kwenye bati la vifungo.

"Kuna kuku humo," alisema.

"Kuku gani?"

"Nilimchora mimi mwenyewe, tulipoinunua mashine. Alikuwa wa aproni ya Doti ya kupikia. Rangi nne: mwili, upanga wa kichwani, miguu, jicho. Hakuna mteja aliyemtaka, wanasema ana uso wa kugombana. Si wa shule, si wa mtu. Ni wangu. Mweke kwenye majaribio yako."

Mumewe alimfungua kuku kwenye skrini. Kweli alikuwa na uso wa kugombana. Akamweka kati ya mafaili ya watu, akaandika chini yake, kwa Kiingereza, kwamba ni kazi ya mke wake, kwamba imeshonwa kwa mashine ya zamani, na kwamba mtu yeyote haruhusiwi kumwondoa.

Pesa ya shule ilikuja ikiwa imekatwa. Mtungi wa gesi ulijazwa. Sweta mbili zenye tundu zilishonwa viraka na Kimya akazichukua kwa ajili ya wajukuu wake.

Mvua za mwaka zilikuwa zimeanza siku Baba Doti aliporudi kutoka dukani, akafungua kompyuta kabla ya kula, na akaita kutoka chumba cha katikati.

"Mama Doti. Njoo uone."

Alikuja na sindano mdomoni. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameleta rekebisho. Orodha ya majaribio ilishuka kwenye skrini, kijani, kijani, kijani, na karibu na mwisho palikuwa na mstari mmoja mwekundu.

"Ni nini hicho?"

"Ni kuku wako. Amekataa."

"Amefanyaje?"

Mumewe alibonyeza, mchoro ukafunguka. Mwili ulikuwa umesimama. Upanga ulikuwa umeangukia mgongoni, na miguu ilikuwa juu.

Mama Doti alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola ya nguo yake, na akaangalia kwa makini, upande huu na upande ule.

"Nani ameleta?"

"Jamaa mmoja. Simjui. Lakini kazi yake nyingine ni nzuri, ni hapo tu."

"Mwambie kwa adabu," alisema, na alikuwa ameshageuka kurudi kwenye mashine. "Afumue, ashone upya."